Maji ya Chokaa na Mafuta ya Ufuta

Mdogo wangu alizaliwa Naipingo, kijiji cha wilaya ya Nachingwea, nikiwa darasa la kwanza. Nilirudi kutoka shule nikakuta wanawake wamejaa uani, lakini hakuna aliyepiga kigelegele. Ndani, mama alikuwa amekaa kitandani na mtoto mweupe mwenye nywele za rangi ya nyuzi za hindi bichi. Hakunipa nafasi ya kuuliza.

"Huyu ni mdogo wako," alisema. "Kanawe mikono uje umshike."

Nikanawa, nikamshika. Alikuwa mzito na alikuwa na njaa. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka.

Siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino. Wakati ule watu walisema zeruzeru, na baba alilipiga marufuku neno hilo nyumbani kwetu. Mgeni aliyelitamka aliombwa aage mapema. Wageni walizoea. Jua ndilo lililokuwa gumu, maana hilo huwezi kuliomba liage.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Bibi mzaa mama alikuwa Mmakua, aliletwa huku na wazazi wake kutoka upande wa Msumbiji akiwa mdogo. Alikuwa na kipande cha mti alichokisugua juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka kikatoa uji mweupe, ule ambao wanawake wa kwao hujipaka usoni kwa urembo. Kila asubuhi alimpaka mtoto. Uji ulikauka vizuri, lakini mtoto akicheka ulipasuka, akitokwa jasho ulianguka vipande vipande kama rangi ya ukuta mbovu. Mama yeye aliamini mafuta ya ufuta. Alimpaka mpaka akang'aa, kisha akamwacha acheze na wenzake. Alipofika umri wa kuanza shule, shingo na mikono yake ilikuwa na mabaka ya kahawia kama ganda la ndizi iliyoiva sana, na midomo yake ilikuwa inapasuka kila kiangazi. Alilala kifudifudi kwa sababu mabega yalimuuma.

Sitaki kusema kwamba nilisoma mambo ya dawa kwa ajili yake. Nilisoma kwa sababu nilifaulu kemia na nafasi ya ualimu ilikuwa imejaa. Lakini nilipomaliza chuo katikati ya miaka ya tisini, nikapangiwa hospitali huko huko Nachingwea, na chumba nilichokabidhiwa kilikuwa cha kuchanganyia dawa. Hospitali za wakati ule zilichanganya vitu vingi zenyewe: dawa ya kikohozi, dawa ya upele, marhamu ya vidonda. Nilikuwa na mizani ya shaba, kinu cha kauri, jiko la mafuta ya taa, na kipande kinene cha kioo cha kusagia unga wa dawa kwa kisu bapa kisicho na makali. Kioo kile nilikipenda. Kilikuwa kimekwaruzwa na mafundi walionitangulia, na ukikiinamia karibu na dirisha uliona mikwaruzo yote.

Mdogo wangu alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, na mwaka uliofuata akapata mchumba, mkulima wa korosho na ufuta kutoka Mandawa. Alikuja na mjomba wake. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, alimuuliza mbele ya wote:

"Unajua kwamba huyu hawezi kukaa juani?"

"Najua, mama. Nitalima mimi. Yeye atakaa nyumbani."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Mimi nitalima."

Mjomba mtu akacheka, baba akacheka, na mchumba akainamisha kichwa. Shemeji yangu ni mtu mpole; naamini hadi leo hajawahi kushinda hata ubishi mmoja nyumbani kwake. Walioana, na mdogo wangu akalima.

Baada ya ndoa hiyo ndipo alipokuja daktari wa ngozi. Alikuwa anazunguka mikoa ya kusini na gari la hospitali ya misheni, akikagua watu wenye ualbino. Alikata au kuchoma kwa baridi vidonda vidogo alivyoweza, na aliacha kofia na tyubu za krimu ya kuzuia jua kutoka ng'ambo. Mdogo wangu alikuja kutoka Mandawa nyuma ya lori la mbaazi, akapimwa, akapewa tyubu moja. Daktari alimwambia ajipake kila siku, usoni, masikioni, shingoni na mikononi.

Nilipomtembelea kwake miezi kadhaa baadaye, tyubu ilikuwa bado imejaa, imefungwa ndani ya kanga kwenye sanduku.

"Umeipaka lini?"

"Siku ya Idi," alisema. "Na siku ya harusi ya wifi yangu. Dada, hii ikiisha naipata wapi nyingine?"

Daktari aliporudi ziara iliyofuata, nilimfuata akiwa anakunywa chai nikamuuliza kama kitu kile kinaweza kutengenezwa hapa.

"Zinki unayo?" aliniuliza.

"Ninayo. Tunatengenezea marhamu ya watoto wanaobabuka na nepi."

"Basi una nusu ya kazi. Zinki inalirudisha jua. Nusu nyingine ni kumfanya mtu akubali kuipaka."

Nilidhani anatania. Niliomba ruhusa kwa mganga mkuu, akakubali mradi nisipunguze marhamu ya watoto, na jioni ile ile nikasaga unga wa zinki ndani ya mafuta mgando, yale mazito ya kopo. Krimu ilikuwa nyeupe na nzito, ikakaa vizuri kwenye kopo. Nikampelekea mdogo wangu nikijisifu moyoni.

Alijipaka mara moja, mbele yangu, akatoka kwenda kupalilia. Alirudi kabla jua halijakolea. Mchanga ulikuwa umemganda mikononi mpaka viwiko, kanga yake ilikuwa na madoa meupe yasiyofulika, na alikuwa ameshika jembe kwa ncha za vidole.

"Linateleza," alisema. "Nimekuwa kama chapati, dada. Ukinigeuza upande wa pili naiva."

Nikarudi Nachingwea na kopo langu.

Katika kabati la chumba changu kulikuwa na kitabu cha zamani cha kanuni za dawa, kimekosa jalada. Humo nilikuta krimu ya zinki iliyotengenezwa kwa mafuta ya karanga na maji ya chokaa. Karanga zilikuwa haba msimu ule. Ufuta ulikuwa tele, na chokaa hata fundi wa kupaka nyumba anayo, ingawa mimi nilitumia ile safi ya stoo ya hospitali. Unaikoroga chokaa ndani ya maji, unaiacha itulie, unachukua maji ya juu yaliyo maangavu kama hayana kitu. Ukiyamimina maji hayo kwenye mafuta na kutikisa kwa nguvu, vinaungana na kuwa uji mzito wa rangi ya maziwa. Mafuta na maji, ambavyo kila mpishi anajua havikai pamoja, vinakaa.

Angalau kitabu kilisema hivyo. Mimi nilitikisa mpaka bega likaniuma, na nilipoweka chupa mezani vikaachana mbele ya macho yangu, maji chini, mafuta juu. Nilirudia. Nilibadili kipimo. Nilipasha moto. Havikushikana.

Kilichonisaidia ni kuishiwa. Mafuta niliyokuwa nikitumia yalikuwa mapya, ya mashine ya Ruangwa, masafi, yaliyochujwa. Yalipokwisha nikachukua yaliyokuwa jikoni kwa mama, ambayo yalikaa kwenye kibuyu tangu mavuno na yalikuwa yameanza kunusa uchachu. Nikatikisa bila matumaini. Uji ukashika papo hapo, mzito, laini, na kesho yake ulikuwa bado umeshika.

Ilinichukua muda kuelewa sababu. Mafuta yakikaa, sehemu yake hugeuka asidi. Asidi hiyo ikikutana na chokaa inakuwa aina ya sabuni, na sabuni ndiyo inayoshika mkono mmoja wa mafuta na mwingine wa maji. Mafuta mapya hayana asidi ya kutosha, kwa hiyo hakuna kinachovishikanisha. Lakini mafuta yaliyochacha sana yananuka, na hakuna mwanamke atakayejipaka uvundo. Kwa hiyo nikajifunza kutumia mafuta mapya na kuyatilia kidogo ya yale ya zamani, kama mtu anayetia chachu kwenye unga wa maandazi. Baadaye nilipata asidi yenyewe kwenye chupa kutoka Dar es Salaam, nikaachana na kibuyu cha mama.

Kazi ya pili ilikuwa zinki yenyewe. Kwa macho krimu yangu ilikuwa laini. Lakini nilitaka kujua kama inazuia kitu, na sikuwa na mashine ya kupimia. Nilichokuwa nacho ni magazeti. Gazeti likiachwa juani linageuka njano; kila mwenye duka anayefungia vitumbua anajua hilo. Nilitandaza vipande vya gazeti juu ya paa la stoo ya hospitali, kila kimoja nimekifunika kwa plastiki nyembamba inayopitisha mwanga. Plastiki moja sikuipaka kitu. Nyingine nilipaka mafuta ya ufuta peke yake. Nyingine krimu yangu, na nyingine krimu ya ng'ambo. Nikavibana kwa mawe na kuwaambia wafagizi wasiguse.

Nilipovishusha, kipande kisichopakwa kilikuwa njano kabisa. Cha mafuta ya ufuta kilikuwa njano karibu sawasawa na hicho, na nilikitazama kwa muda mrefu nikikumbuka mama alivyokuwa akimng'arisha mtoto asubuhi. Cha krimu ya ng'ambo kilikuwa cheupe. Changu kilikuwa cheupe chenye nukta nukta za njano, kama shuka iliyopigwa na matope.

Nukta zile zilinifundisha kuliko kitabu. Unga wa zinki hupenda kujikusanya madonge. Pale donge lilipokaa, palizuia sana. Pembeni yake palibaki wazi. Ni paa la nyasi lililoezekwa na mtu mvivu: nyasi zote zipo, lakini zimelundikana upande mmoja na mvua inapita kwingine. Dawa yake ni kusaga. Nilirudi kwenye kioo changu, nikawa nasaga zinki na matone machache ya mafuta, kisu bapa kinakwenda na kurudi, mpaka nisisikie hata punje moja ikikwaruza. Baada ya hapo ndipo nilipoongeza mafuta mengine na maji ya chokaa. Gazeti lililofuata halikuwa na nukta.

Mdogo wangu aliipokea kwa mashaka. Alijipaka mkono mmoja, akasubiri, akashika jembe.

"Hili linashika," alisema. Kisha akajipaka usoni, akajitazama kwenye kioo kidogo cha shemeji cha kunyolea. "Lakini mbona nimekuwa kama maiti?"

Alisema kweli. Zinki ni nyeupe kuliko ngozi yake. Weupe wa mtu mwenye ualbino una wekundu ndani yake, na krimu yangu ilikuwa nyeupe ya ukuta. Siku ya krimu ya kwanza watoto wa jirani walimkimbia kwa mzaha, naye hakupenda. Nikakumbuka kalamini, ule unga wa waridi tunaotengenezea dawa ya kuwashwa. Kalamini ni zinki hiyo hiyo iliyotiwa udongo mwekundu kidogo. Nikabadilisha sehemu ya zinki kwa kalamini, nikijaribu kidogo kidogo juu ya kiganja chake tukiwa tumekaa kivulini nyuma ya nyumba yake, yeye akinielekeza kama fundi cherehani anavyoelekezwa. "Ongeza. Ongeza. Hapo. Hapo umezidisha." Tulipopata rangi, alijipaka uso mzima akaenda dukani kununua chumvi. Aliporudi alisema hakuna aliyemtazama. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo kazini.

Kwa mwaka mmoja hivi mambo yalikwenda vizuri. Nilitengeneza makopo machache kila mwezi, nikampa yeye na watu wengine wenye ualbino waliofika hospitali. Nilikuwa nimeongeza dawa ya kuzuia kuvu, baada ya kopo moja kuota nywele za kijani. Watu walishauri mengi. Mzee mmoja alisema nitie mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua vidole vya wabanguaji; nilimjibu kwa ukali kuliko adabu inavyoruhusu.

Kisha ukaja msimu wa mikorosho kutoa maua. Nilikwenda Mandawa kwa baiskeli ya kuazima, kwenye barabara ya vumbi inayokula matairi, nikamkuta mdogo wangu uani bila krimu. Uso ulikuwa umevimba, mikono ina vipele vyekundu, amejikuna mpaka damu. Na kwenye ncha ya sikio la kushoto kulikuwa na kidonda chenye gaga.

"Hii imeanza lini?"

"Kuwashwa, mwezi uliopita. Niliacha krimu yako. Sikutaka kukuambia." Akatazama pembeni. "Umeihangaikia sana."

"Na sikio?"

"Sikio la zamani hilo. Linakauka, linatoka tena."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu kichwani kila kitu nilichotia kwenye kopo: chokaa, asidi, dawa ya kuvu. Kimojawapo kilikuwa kimemchoma ndugu yangu, na watu wengine walikuwa wamejipaka kitu hicho hicho. Wakati nafikiri, shemeji akarudi kutoka shambani. Alikuwa wa njano. Nywele, nyusi, shati, miguu, vyote vilikuwa na vumbi la salfa, ule unga tunaopuliza kwenye mikorosho kuzuia ukungu usile maua. Mashine ya kupulizia ilikuwa bado mgongoni. Alisalimia, akapiga chafya, akakaa karibu na mkewe.

"Shemeji," nikamuuliza, "na yeye huwa anakwenda wakati wa kupuliza?"

"Anabeba maji na unga wa kujazia. Alfajiri, upepo ukiwa bado umelala."

"Na krimu anapaka kabla ya kwenda?"

"Kabla," mdogo wangu akajibu. "Si ulisema kabla ya jua?"

Nilichukua kopo lake, nikapaka krimu mkononi mwangu, nikamwomba shemeji akung'ute shati lake juu yake. Mkono wangu ukawa wa njano. Niliufuta kwa kanga, ukabaki wa njano. Ule uji wa mafuta na chokaa, ambao niliusifia kwa sababu jasho haliutoi, ulikuwa umeshika salfa na kuikandamiza kwenye ngozi yake siku nzima. Upande usiopakwa, vumbi lilipukutika lenyewe. Jioni ile mkono wangu ulianza kuwasha.

Tatizo la vipele lilikuwa limepata jibu. La sikio lilikuwa bado, na lile halikusubiri. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi aliyekuwa bado anazunguka mkoani, naye aligusa kidonda kile kwa kidole kilichovaa glovu, akatazama nyuma ya sikio na shingoni.

"Hii ikatwe," alisema. "Na si hapa."

"Ni kwa sababu niliacha kupaka?" mdogo wangu akauliza.

"Hapana, mama. Umeacha mwezi mmoja. Hiki kimeanza ukiwa mtoto unacheza uani. Jua linakopesha miaka mingi kabla halijadai."

Alipelekwa Dar es Salaam. Ilikuwa kabla ya daraja la Rufiji. Mto ulivukwa kwa pantoni, na ilibidi walale upande wa huku wakisubiri zamu. Shemeji alikwenda naye, akaacha mikorosho katikati ya msimu bila kunung'unika. Mimi nilibaki kwa sababu chumba changu hakikuwa na mtu mwingine. Siku zile nilifanya kazi vibaya. Nilipima kitu mara mbili na bado sikuamini mizani. Mama alikuja kukaa nami, akawa anapika chakula ambacho hakuna aliyekila.

Walirudi na habari njema na sikio pungufu. Sehemu ya juu ilikuwa imeondolewa, na madaktari walisema walichokitaka kutoa wamekitoa chote. Mama alipomwona alilia. Mdogo wangu alivumilia kidogo, halafu akasema, "Mama, nasikia vizuri. Usinililie kwa sauti kubwa hivyo." Usiku alinionyesha mshono. Ulikuwa safi, mishono midogo midogo kama ya kofia za Waislamu zinazoshonwa kwa mkono. Nilimwambia ni kazi nzuri. Alisema hata yeye ameona.

Nilianza krimu upya. Sasa nilijua ugumu wake ulipo. Ukitengeneza krimu ambayo maji yamezungukwa na mafuta, kama ile ya chokaa, jasho haliitoi lakini vumbi linaishika. Ukigeuza, mafuta yakazungukwa na maji, inakauka vizuri, ngozi inakuwa kavu, lakini jasho la saa moja la jembe linaiosha yote. Nilijaribu aina hii ya pili kwa nta ya kuchanganyishia mafuta na maji iliyokuwa stoo. Magazeti yalitoka meupe. Mdogo wangu alitoka shambani na michirizi ya krimu ikishuka mpaka kifuani.

Mwalimu mmoja wa kemia ya dawa, aliyefuatana na daktari katika ziara moja, alikaa nami asubuhi nzima kwenye chumba kile. Alifurahia magazeti yangu, lakini alinieleza bila kunificha mipaka yake: karatasi siyo ngozi, yanaonyesha kama kuna matundu, hayaonyeshi kinga ni kubwa kiasi gani. Alichukua kopo akalipima Dar es Salaam. Alirudisha jibu kwamba inafanya kazi, kwa kiwango cha chini kuliko ile ya ng'ambo, na kwamba kiwango hicho kinapatikana mtu akijipaka nene. Akijipaka nyembamba, kama wote tunavyojipaka mafuta, kinashuka sana. Alinishauri nisiandike namba yoyote kwenye kopo. Sikuiandika.

Yeye ndiye aliyenipa wazo la kubaki na krimu ya chokaa lakini nipunguze mafuta, niongeze unga na nta ya nyuki. Nta nilinunua Nambilanje kwa mrina asali, nikaiyeyusha na kuichuja kwa kitambaa mara kadhaa mpaka miguu ya nyuki ikaisha. Krimu ikawa ngumu zaidi. Ilibidi uipashe kwa vidole kwanza. Lakini ikishakaa, ilikauka juu, na vumbi likipigwa na kanga lilitoka. Nilimwomba shemeji akung'ute shati lake tena. Nilipoupangusa kwa kanga, mkono wangu haukubaki na njano.

"Sasa umepata," alisema mdogo wangu. "Lakini salfa siendi tena." Shemeji alikuwa amekwisha kumtafuta kijana wa jirani wa kumbebea maji.

Miaka ya elfu mbili nilihamishiwa Ruangwa, karibu naye zaidi. Hospitali ile ilikuwa na chumba kidogo kuliko cha Nachingwea na foleni ndefu kuliko yake. Niliendelea kuchanganya krimu pale nta, zinki na muda vilipopatikana, na havikupatikana vyote kila mwezi. Mvua ikikata barabara, zinki haikuja. Kuna vipindi nilimwambia mtu aliyetoka mbali kwamba sina, akageuka akaenda zake. Hao nawakumbuka kuliko waliopata.

Mdogo wangu alikuwa akija siku za kliniki. Hakuna aliyemwajiri. Alikaa kwenye benchi na kofia yake ya majani pana kama ungo, kanga imefunika sikio, na watu walimwendea yeye kabla ya kuja dirishani kwangu. Siku moja alikuja mwanamke kutoka Nambilanje, mwenye mtoto mchanga mwenye ualbino mgongoni, amemfunika gubigubi kwa kitenge. Alikuwa na aibu, anazungumza Kimwera kwa sauti ya chini, Kiswahili kidogo. Nilimpa kopo nikaanza kumweleza. Mdogo wangu akalichukua mkononi mwake.

"Mlete huyu," akamwambia, akampakata mtoto. "Kwa sasa huyu hapakwi, ni mdogo mno. Mfunike, mweke kivulini, basi. Akianza kutembea ndipo. Na ukimpaka, usimpake kama unampeleka harusini. Nene. Masikio, nyuma ya masikio, midomo. Na kofia usimvue. Kofia ndiyo ugali, haya mafuta ya dada yangu ni mboga tu."

Mwanamke akanitazama mimi dirishani, kuona kama nimekasirika.

"Ni kweli," nikasema.

Akamtazama tena mdogo wangu, mikono yake, uso wake, jembe aliloliegemeza ukutani kwa kuwa alikuwa analipeleka kwa mhunzi.

"Wewe unalima?" akamuuliza.

"Ufuta na mbaazi. Naingia alfajiri, jua likipanda narudi. Jioni naingia tena."

"Na una mume?"

"Ninaye. Na watoto." Akamrudishia mtoto wake, akamfunga vizuri mgongoni, akamshushia kitenge kidogo ili apate hewa. "Umempa jina gani?"

Mwanamke akalitaja. Mdogo wangu akalirudia, akamwambia ni jina zuri, kisha akanigeukia.

"Dada, mpe na kofia. Ile ndogo."

Nikaenda stoo kuitafuta.